Gandhi kabla ya umaarufu: Wakili wa London aliyekosa kazi Bombay

Mzazi anayeuza ng'ombe au kipande cha shamba ili mtoto wake akasome sheria huwa na swali moja moyoni: je, jina la chuo litamletea mtoto kazi? Wapo wanaoamini kwamba chuo chenye jina kikishakufungulia mlango, mengine yanajipa. Wapo wanaosema cheti ni karatasi tu, na kazi hupatikana kwa kujuana.

Swali hili si la leo. Zaidi ya miaka 130 iliyopita, familia moja ya magharibi mwa India ililijibu kwa kutumia maelfu ya rupia kumpeleka kijana wao kusomea sheria London, mji mkuu wa dola iliyokuwa inaitawala India. Kijana alirudi na sifa ambayo wengi waliitamani. Lakini alikaa karibu miaka miwili bila kazi ya maana.

Kijana huyo alikuwa Mohandas Karamchand Gandhi. Dunia inamkumbuka kama mzee mwenye shuka jeupe na fimbo, aliyeongoza mapambano ya uhuru wa India bila silaha. Leo tunamwangalia kabla ya umaarufu huo, alipokuwa kijana mwenye cheti kikubwa na mfuko mtupu.

Ushauri wa rafiki wa familia

Gandhi alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1869 katika mji wa Porbandar, bandari ya Gujarat inayotazama bahari ileile inayopiga ufukwe wa Lamu na Unguja. Babu yake na baba yake walikuwa madiwani. Msikilizaji, usifikirie diwani wa kata. Katika falme ndogo za India, diwani alikuwa waziri mkuu wa mtawala, mtu aliyeendesha mambo yote ya serikali. Cheo hicho kilikuwa kama desturi ya ukoo wao.

Baba yake alifariki mwaka 1885, Mohandas akiwa na miaka 16. Tayari alikuwa ameoa. Yeye na mkewe Kasturba walifungishwa ndoa wakiwa na umri wa miaka 13 hivi, kama ilivyokuwa desturi ya wakati huo. Mwaka 1887 alifaulu mtihani wa kumaliza sekondari, akaingia chuo kimoja katika mji wa Bhavnagar. Huko masomo yalimshinda. Hakuelewa wahadhiri walichosema, na baada ya muhula mmoja akarudi nyumbani.

Hapo ndipo alipokuja mzee mmoja, rafiki na mshauri wa siku nyingi wa familia, aliyeitwa Mavji Dave. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Mohandas akibaki India kutafuta digrii ya kawaida, itamchukua miaka minne au mitano, na mwisho wake atapata kazi ya ukarani ya rupia 60 kwa mwezi. Cheo cha baba yake hatakipata. Akienda Uingereza atakuwa wakili kwa miaka mitatu tu, gharama haitazidi rupia 4,000 au 5,000, na akirudi atakuwa na nafasi nzuri ya kuomba udiwani. Mzee huyo alikuwa na ushahidi wa macho: mawakili waliorudi kutoka Uingereza waliishi kwa fahari, na watu wakawaheshimu.

Kijana mwenyewe aliwahi kufikiria udaktari. Kaka yake mkubwa, Laxmidas, alikataa, kwa sababu baba yao hakupenda mtu wa dini yao apasue maiti. Ikabaki sheria.

Safari ile ilikuwa na vikwazo vingi. Gandhi aliomba msaada wa fedha kwa afisa Mwingereza aliyesimamia Porbandar, akakataliwa. Alifikiria hata kuuza vito vya mkewe. Mwishowe Laxmidas aliahidi kutafuta fedha zote. Mama yao, Putlibai, aliogopa mwanawe ataharibika ugenini, hivyo akamwapisha mbele ya mtu wa dini kwamba hatagusa pombe, nyama wala mwanamke. Wazee wa jamii yao ya Wabaniani waliokuwa Bombay nao walimwita kikaoni. Walimwambia kuvuka bahari ni mwiko. Alipokataa kuacha safari wakamtenga, wakaweka faini kwa yeyote atakayemsindikiza.

Tarehe 4 Septemba 1888 aliondoka Bombay kwa meli. Alimwacha nyumbani mkewe na mtoto mchanga. Hakuwa ametimiza hata miaka 19.

Kuwa wakili kwa kula chakula

Kwa karne nyingi London imekuwa na vyama vinne vya kale vya mawakili, na wakati huo hakuna aliyeruhusiwa kuwa wakili wa kusimama mbele ya mahakama kuu za Uingereza bila kupitia kimojawapo. Gandhi aliingia chama cha Inner Temple mnamo Novemba 1888. Jina la chama hicho lilitosha kumfanya mtu wa Gujarat avue kofia.

Lakini masharti ya wakati huo yangekushangaza. La kwanza lilikuwa kuhudhuria mihula 12, kama miaka mitatu. Kuhudhuria huko hakukuwa kukaa darasani. Ilikuwa kwenda kwenye ukumbi wa chama na kula chakula cha jioni pamoja na mawakili, angalau mara sita katika kila muhula. Zamani karamu hizo zilikuwa na maana, kwa kuwa wanafunzi walikuwa wachache na waliketi karibu na wakubwa wao wakijifunza kwa kuwasikiliza. Zama za Gandhi wanafunzi walikuwa wengi, na wakubwa walikaa meza zao mbali. Kwa kuwa hakunywa mvinyo, wenzake waligombania kukaa naye meza moja. Kila watu wanne walipewa chupa mbili, na fungu lake likawa faida yao.

Sharti la pili lilikuwa mitihani miwili: sheria ya Kirumi na sheria ya Kiingereza. Kwa maelezo aliyoyaacha yeye mwenyewe, mtihani wa kwanza ulifaulisha watu 95 au zaidi katika kila 100, na wa mwisho 75 au zaidi. Wengi walikariri muhtasari kwa wiki chache wakafaulu. Gandhi aliona aibu kufanya hivyo. Alinunua vitabu vizima, akasoma sheria ya Kirumi kwa Kilatini, na akatumia karibu miezi tisa kupitia sheria ya Kiingereza.

Tarehe 10 Juni 1891 alikubaliwa rasmi kuwa wakili. Kesho yake akaandikishwa katika Mahakama Kuu ya Uingereza. Keshokutwa yake, tarehe 12 Juni, akapanda meli kurudi nyumbani.

Ndani ya meli alikuwa na hofu. Alikuwa amesoma sheria, lakini hakuwa amejifunza kazi ya sheria. Hakujua kuandika hati ya madai. Hakuwahi kumhoji shahidi. Na kubwa zaidi, hakujua lolote kuhusu sheria ya India, wala ya Wahindu wala ya Waislamu, ambayo ndiyo ingetumika katika mirathi, ndoa na ardhi za wateja wake. Alikuwa amesikia habari za mawakili wakubwa wa Bombay kama Pherozeshah Mehta, aliyenguruma mahakamani kama simba, naye hakuona atafika vipi huko.

Cheti kikubwa, soko dogo

Alipoteremka Bombay, kaka yake alimpokea na habari ya msiba. Mama yao alikuwa amefariki wakati Mohandas yuko Uingereza, na familia ilimficha ili asivurugike masomoni.

Laxmidas alikuwa na matumaini makubwa. Aliamini fedha zitaanza kuingia mara moja, hivyo akaongeza matumizi ya nyumba ili yalingane na hadhi ya wakili wa London. Gandhi naye akaongeza: vyombo vya Kizungu, uji wa shayiri, kakao, nguo na viatu vya Kizungu. Gharama zilipanda kila siku. Kilichokosekana ni mteja.

Kwa nini mteja hakuja? Sababu ya kwanza ilikuwa bei. Katika mji wa Rajkot, walikoishi, kulikuwa na mawakili wa hapohapo walioitwa vakil, neno lenye asili moja ya Kiarabu na neno letu wakili. Hawa hawakwenda Uingereza, lakini walizijua sheria za India, mahakama zake, makarani wake na lugha ya watu wake. Wakili aliyetoka London alitarajiwa kutoza ada mara kumi ya ada yao, huku akijua kazi kidogo kuliko wao. Gandhi mwenyewe alikiri kwamba hakuna mteja mwenye akili timamu ambaye angekubali biashara hiyo.

Rafiki zake wakamshauri aende Bombay, mji mkubwa, akajifunze kwenye Mahakama Kuu na kutafuta kesi. Alikwenda, akapanga nyumba, akaajiri mpishi. Huko akakutana na sababu ya pili. Bombay ilikuwa na mawakili wengi waliosoma Uingereza kama yeye, wengine wakiwa na miaka mingi ya sifa. Cheti kilichokuwa ajabu Rajkot, Bombay kilikuwa cha kawaida.

Sababu ya tatu ilikuwa vishoka. Wateja waliletwa na madalali, na dalali alitaka fungu lake. Gandhi alikataa kutoa chochote. Aliambiwa kwamba hata wakili mmoja mkubwa wa jinai, aliyeingiza rupia 3,000 au 4,000 kwa mwezi, alikuwa akilipa. Akajibu kwamba yeye angeridhika na rupia 300, kwani baba yake hakupata zaidi ya hizo.

Hatimaye alipata kesi moja, ndogo, ya mwanamke aliyeitwa Mamibai, katika mahakama ya madai madogo. Ada ilikuwa rupia 30. Ilikuwa kesi ya siku moja. Zamu yake ya kuwahoji mashahidi wa upande wa pili ilipofika, alisimama, na hapohapo moyo ukamshuka. Kichwa kikamzunguka, akaona mahakama nzima inazunguka naye. Hakupata swali hata moja la kuuliza. Akaketi, akamwambia wakala wa mteja kwamba hataweza, achukue ada yake na amtafute wakili mwingine. Mwingine akapatikana kwa rupia 51. Gandhi akatoka haraka bila kusubiri kujua kama mteja wake ameshinda au ameshindwa. Baada ya hapo hakuchukua kesi nyingine ya kusimama mahakamani mpaka alipofika Afrika.

Akajaribu ualimu. Gazeti lilitangaza shule moja inataka mwalimu wa Kiingereza wa saa moja kwa siku, mshahara rupia 75. Akaitwa kwenye usaili. Mkuu wa shule alipogundua kwamba hana digrii ya chuo kikuu, alimkatalia. Gandhi akaeleza kwamba amefaulu mtihani wa kuingia Chuo Kikuu cha London, na Kilatini akiwemo. Haikusaidia. Wao walitaka mwenye digrii. Cheti chake cha uwakili hakikuwa na thamani katika chumba kile.

Alikuwa akienda Mahakama Kuu kila siku kusikiliza kesi za wenzake. Mara nyingi hakuzifuata, akasinzia. Kisha akaona wengine nao wanasinzia, akapoteza hata haya. Kuokoa nauli alitembea kwa miguu dakika 45 kwenda na 45 kurudi. Baada ya miezi kama sita, kaka yake aliona hawezi kuendelea kubeba gharama. Wakafunga nyumba ya Bombay.

Kazi ya kuandika maombi

Rajkot alipata riziki, lakini si kwa jina la Inner Temple. Laxmidas alifanya uwakili mdogo pale, na mshirika wake alikuwa na wateja wa kutosha. Mshirika huyo alipeleka kesi nzito kwa mawakili wakubwa, na maombi ya wateja maskini akampa Gandhi ayaandike. Kwa kazi hiyo alipata wastani wa rupia 300 kwa mwezi, kiwango kilekile alichosema kingemtosha. Hapa hata ule msimamo wake kuhusu udalali ulilegea, kwa sababu fungu lilikwenda kwa wakili aliyemletea kazi, na kaka yake alikuwa mshirika wake.

Kisha likatokea jambo lililomfunza mpaka wa heshima yake. Laxmidas alikuwa na tatizo na afisa Mwingereza aliyewakilisha serikali katika eneo lile. Gandhi aliwahi kumfahamu afisa huyo walipokuwa Uingereza. Kaka yake alimwomba akamsemee. Gandhi hakupenda, lakini alikwenda. Afisa alimsikiliza kidogo tu, akamwambia aondoke. Gandhi alipoendelea kusema, tarishi aliitwa, akamshika mabegani na kumtoa nje.

Alitaka kushitaki. Alitafuta ushauri wa Pherozeshah Mehta, yule simba wa Bombay, naye akajibiwa ameze tusi lile, kwani kumshitaki afisa kungemwangamiza yeye mwenyewe. Na sehemu kubwa ya kazi zake ilikuwa katika mahakama ya afisa huyohuyo. Ajira aliyoitarajia katika falme zile ndogo ilitegemea kujipendekeza kwa wakubwa wa namna hiyo. Kuanzia hapo alitamani kuondoka.

Barua kutoka ng'ambo

Nafasi ilikuja mwaka 1893, nayo ilikuja kwa njia ya kaka. Kampuni ya wafanyabiashara Waislamu wenye asili ya Porbandar, Dada Abdulla na Wenzake, ilikuwa na biashara kubwa Afrika Kusini. Dada hapa ni jina la mwanamume, si ndugu wa kike. Kampuni ilikuwa na kesi ya madai ya pauni 40,000 dhidi ya mfanyabiashara mwenzao. Tayari ilikuwa na mawakili Wazungu. Ilihitaji mtu wa kwao, anayejua Kigujarati na Kiingereza, awaelekeze mawakili hao na kusaidia barua za ofisini. Malipo yalikuwa pauni 105, nauli ya daraja la kwanza kwenda na kurudi, chakula na malazi. Muda usingezidi mwaka mmoja.

Gandhi alielewa kwamba haendi kama wakili, anakwenda kama mtumishi wa kampuni. Alikubali bila hata kubishana bei. Alimwacha Kasturba na watoto wawili sasa, akapanda meli Bombay mwezi Aprili.

Baada ya siku kama 13 baharini meli ilitia nanga Lamu. Nahodha, ambaye njiani walikuwa wakicheza sataranji, alimwonya asichelewe, kwa kuwa maji ya bandari ile ni ya hila. Gandhi alishuka mjini, akakutana na makarani Wahindi wa posta, akazungumza nao na kuwatazama wenyeji. Alipotaka kurudi, mashua ilizidiwa na mkondo. Meli ilikuwa inaondoka na ngazi imeshapandishwa. Ikabidi Gandhi avutwe juu kwa kamba. Lau mkondo ungeshinda siku ile, wakili mchanga wa London angebaki Lamu akisubiri meli nyingine.

Walipita Mombasa, kisha Unguja, ambako walikaa zaidi ya wiki wakibadilisha meli. Mwishoni mwa Mei 1893 alifika Durban, katika koloni la Natal.

Thamani ya jina hubadilika na mahali

Dada Abdulla alikuwa tajiri, mwerevu, lakini hakuwa na elimu ya darasani. Alipomwona kijana huyu katika suti yake ya Kizungu, alihofu kwamba ameletewa mzigo. Angempa kazi gani?

Kesi yenyewe ilikuwa ya hesabu za biashara, na Gandhi hakujua hesabu hizo. Makarani walipotaja hati za ahadi ya malipo, hakuelewa ni nini, na aliona haya kuuliza. Mwishowe aliuliza, akaelezwa. Alinunua kitabu cha utunzaji wa hesabu, akakisoma peke yake, kisha akachimba nyaraka za kesi mpaka akaijua kuliko mtu yeyote. Maarifa yaliyomwezesha kuishughulikia kesi ile ya pauni 40,000 hakuyapata London. Aliyapata mezani kwa makarani wa Durban.

Wala jina la London halikumkinga njiani. Akiwa safarini kwenda Pretoria mwezi Juni, na tiketi ya daraja la kwanza mkononi, alitolewa kwenye treni katika kituo cha Pietermaritzburg kwa sababu ya rangi yake. Alikaa usiku kucha akitetemeka kwa baridi ya kipupwe, koti lake likiwa kwenye mizigo iliyochukuliwa na watu wa reli. Kwa Wazungu wengi wa pale alikuwa kuli tu, hata kama ni kuli aliyesoma sheria.

Katika kesi, aliona kwamba mteja wake alikuwa na haki, lakini pia aliona kwamba ada za mawakili zingewamaliza wafanyabiashara wote wawili, nao walikuwa ndugu na watu wa mji mmoja. Akawashawishi wakubali msuluhishi. Dada Abdulla alishinda, akapewa pauni 37,000 na gharama. Mshindwa hangeweza kulipa zote kwa mara moja bila kufilisika. Gandhi akamwomba mshindi akubali malipo ya kidogo kidogo kwa muda mrefu, akakubali. Tangu siku hiyo, katika miaka 20 ya uwakili wake, alitumia sehemu kubwa ya muda kuwapatanisha watu nje ya mahakama.

Mwaka wake ulipokwisha, mwaka 1894, alifanyiwa karamu ya kuagwa Durban. Hapo akaona gazetini habari ya muswada wa kuwanyima Wahindi wa Natal haki ya kupiga kura. Wafanyabiashara wakamsihi abaki. Alikataa kulipwa kwa kazi ya umma. Badala yake wafanyabiashara wapatao 20 walimkabidhi kesi zao na kumlipa ada ya mwaka mzima mapema. Kwa mara ya kwanza alikuwa na ofisi yenye wateja.

Ili asimame mahakamani ilibidi aandikishwe Natal. Chama cha mawakili cha huko kilimpinga. Mahakama Kuu ilitupa pingamizi hilo, na tarehe 3 Septemba 1894 akawa Mhindi wa kwanza kukubaliwa kuwa wakili wa mahakama hiyo. Hapa, msikilizaji, ndipo cheti cha London kilipofanya kazi yake. Natal ilikuwa koloni la Uingereza, na wakili aliyekwisha kukubaliwa Uingereza alikuwa na msingi wa kisheria wa kuomba kukubaliwa. Yule vakil wa Rajkot, pamoja na ujuzi wake wote, asingepita mlango huo.

Angalia basi jambo hili. Cheti kilikuwa kilekile. Rajkot kilikuwa ghali kuliko faida yake. Bombay kilikuwa kimoja kati ya vingi. Shuleni hakikuhesabiwa. Natal kilikuwa adimu, mahakama ilikitambua, na palikuwa na maelfu ya watu wenye shida ambao hawakuwa na wakili wa kwao. Na hata huko, hakikumfikisha chenyewe. Aliyemfikisha ni kaka, watu wa mji wake wa Porbandar, na kesi aliyojifunza kuifanya kwa jasho.

Alipoacha kuhitaji jina

Miezi michache baada ya kuanza kazi, kibarua mmoja Mtamil aliyeitwa Balasundaram aliingia ofisini kwake, nguo zimechanika, meno mawili ya mbele yamevunjwa, damu inatoka mdomoni. Tajiri wake alikuwa amempiga. Kwa sheria ya wakati huo, kibarua wa mkataba akimwacha tajiri wake alifungwa jela. Gandhi alimpeleka kwa daktari, kisha kwa hakimu, na akamtafutia mwajiri mwingine. Habari zikaenea katika mashamba ya miwa kwamba mjini kuna mtu anayewasikiliza. Vibarua wale hawakujua Inner Temple ni kitu gani.

Baadaye alifungua ofisi Johannesburg, akawa na mapato makubwa, kisha akaachana na utajiri huo na hatimaye na uwakili wenyewe ili kuongoza mapambano ya haki za Wahindi. Aliondoka Afrika Kusini mwaka 1914. Udiwani ambao familia yake iliutafuta hakuupata kamwe.

Mwaka 1922, akiwa India, alihukumiwa kifungo cha miaka sita kwa makala zilizoipinga serikali ya Uingereza. Mwezi Novemba mwaka huohuo, Inner Temple ilifuta jina lake kwenye orodha ya mawakili wake. Gandhi aliendelea na kazi yake bila jina hilo. India ilipata uhuru Agosti 1947, na tarehe 30 Januari 1948 aliuawa kwa risasi mjini Delhi. Mwaka 1988, miaka 40 baada ya kifo chake, Inner Temple ililirudisha jina lake kwenye orodha.

Maisha yake hayasemi kwamba chuo chenye jina hakina faida. Bila cheti kile, Mahakama Kuu ya Natal isingemkubali. Lakini mzee Mavji Dave alipopiga hesabu ya ada na miaka, kuna maswali hakuyauliza. Je, chuo hiki kinafundisha sheria itakayotumika mahali mtoto atakapofanya kazi? Akimaliza, atajua kuandika hati na kumhoji shahidi, au atajua vitabu tu? Huko anakokwenda, wenye cheti kama chake ni wangapi? Na kesi yake ya kwanza itatoka kwa nani? Mzazi mwenye ng'ombe wa kuuza anaweza kuyauliza maswali hayo kabla hajafika mnadani.